Aya Isiyodondosha Herufi: Kutoka Kompyuta hadi Plaiwudi

Mtu akiagiza aya ya Biblia au ya Kurani ya kutundika ukutani, huuliza rangi kwanza, kisha bei. Maandishi yenyewe huonekana kama jambo lililokwisha: si yamo kwenye simu? Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Fremu ikipinda hunyooshwa, rangi ikikosewa huchapishwa upya, lakini aya iliyopungukiwa herufi ikishatundikwa sebuleni, watoto wa nyumba ile wataisoma hivyo kwa miaka. Ndiyo maana naanza na maandishi, na kuyarudia kila hatua, kwa kuwa kila chombo kinachopokea faili kina namna yake ya kuyaharibu.

Amua tafsiri kabla ya kufungua programu yoyote. Wengi waliokariri aya makanisani hapa Nairobi walizikariri kwa Swahili Union Version (SUV) ya 1952, na ukimwekea mama aliyeizoea maneno ya tafsiri nyingine ataona umekosea, hata kama umenakili sawasawa. Haki za Union ziko mikononi mwa Vyama vya Biblia vya Kenya na Tanzania. Kumtengenezea rafiki zawadi moja ni jambo dogo, lakini ukitaka kuchapisha mamia ya kuuza, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujalipia karatasi. Ukitaka njia nyepesi, toleo huria la Neno la Biblica limetolewa kwa leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0: unaweza kuuza, mradi utaje chanzo, na ukiyabadilisha au kuyaendeleza maandishi yale, matokeo uyaache chini ya leseni ileile. Vyovyote vile, kando ya rejeo andika kifupi cha tafsiri kwa herufi ndogo, kwa mfano "Zaburi 23:1, SUV". Anayesoma apate pa kuhakikishia.

Sasa kunakili. Ukichukua aya kutoka programu ya simu, namba ya aya hujibandika kwenye neno la kwanza, alama za tanbihi hubaki katikati ya sentensi, na nafasi mbili hujificha mahali pa moja. Bandika kwanza kwenye Notepad au kihariri kingine cha maandishi matupu, usafishe, ndipo uhamishie kwenye Inkscape, programu ya kuchora na kupanga maandishi. Katika Agano la Kale la Union, BWANA huandikwa kwa herufi kubwa zote pale linaposimama badala ya jina la Mungu katika Kiebrania. Ukigeuza aya nzima kuwa herufi kubwa kwa ajili ya urembo, alama hiyo inazama. Afadhali aya ibaki kwa herufi za kawaida, na neno BWANA lishushwe hadi asilimia 80 hivi ya ukubwa wa maandishi, lisipige kelele kuliko mstari wake.

Zaburi zina mtego mwingine. Union huzipanga kama mashairi na kila mstari huanza kwa herufi kubwa: "BWANA ndiye mchungaji wangu," kisha mstari mpya, "Sitapungukiwa na kitu." Ukiunganisha mistari hiyo miwili, S kubwa inabaki baada ya mkato na inaonekana kama kosa la mchapaji. Usiiguse S. Acha mstari ukatike palepale ulipokatika kwenye Biblia, na kama nafasi haitoshi, kata tena ndani ya kila mstari.

Halafu kuna ng'. Chukua Mathayo 13:43: "Ndipo wenye haki watakapong'aa kama jua katika ufalme wa Baba yao." Neno lile la nne lina alama (ritifaa) ambayo simu moja itaiandika kama mkato wa juu mnyoofu, nyingine kama mkato wa juu uliopinda, na nyingine kama kistari kilichoinama kinachofanana na alama inayowekwa juu ya e ya Kifaransa. Machoni kwenye skrini ndogo zote ni sawa. Ukishakuza neno hadi sentimita tano kwa kimo, kila moja ni umbo tofauti. Kwa kazi ya kuchapwa, tumia uliopinda, wenye namba U+2019 katika orodha ya herufi ya Unicode, na uutafute na kuubadilisha kwenye faili zima kwa mkupuo mmoja. Fonti nyingi za mwandiko wa mkono zinazopakuliwa bure hazina alama hiyo kabisa. Programu huikopa kutoka fonti nyingine bila kukuambia, nawe unapata alama nene katikati ya herufi nyembamba. Jaribio la fonti yoyote ninayoifikiria kwa Kiswahili ni kuandika watakapong'aa, NG'OMBE na Mwanawe. Ikifaulu hapo, inaweza kuendelea. Gentium, Charis na EB Garamond hufaulu, na leseni yake ya OFL, leseni huria ya fonti, inaruhusu kazi za kuuza.

Violezo vya mtandaoni vimetengenezwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Vinakupa neno moja kubwa lililojaza ukurasa na mengine madogo kulizunguka, na Kiswahili kikiingia humo, kinakatika vibaya. Fanya hesabu kabla ya kupenda kiolezo. Kwa fonti ya kawaida, herufi moja huchukua kwa wastani nusu ya ukubwa wa fonti. "Sitapungukiwa" ina herufi 13. Kwa pointi 100, ambazo ni milimita 35 hivi, neno hilo peke yake linakaribia milimita 230. Karatasi ya A3 iliyosimama ina upana wa milimita 297. Ukitoa pambizo ya milimita 30 kila upande, zimebaki 237. Basi pointi 100 ndiyo dari yako, na neno refu kuliko yote ndilo linaloamua ukubwa wa aya nzima. Pambo halina sauti hapo.

Usikate neno kwa kistari kwenye kazi ya ukutani. Kata mstari pale msomaji anapovuta pumzi, na usiache "na", "ya", "wa" au "kwa" ikining'inia mwishoni mwa mstari. Isukume iende na neno lake. "Sitapungukiwa" juu, "na kitu" chini, inasomeka vizuri. "Sitapungukiwa na" juu na "kitu" chini inamfanya msomaji ajikwae kila anapopita. Ikiwa programu inajipangia mistari yenyewe, weka nafasi isiyokatika, U+00A0, kati ya "na" na "kitu".

Kuchapisha kwenye karatasi sitakaa nako sana, kwa sababu mafundi wa River Road na vichochoro vyake wanajua kazi yao ukiwapa faili safi. Wape PDF, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro, nyongeza ya kukatwa ya milimita 3 kila upande, na picha ya nyuma yenye nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3508 kwa 4961 kwa A3 kabla ya nyongeza hiyo. Maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake. Ukichanganya wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo mashineni, herufi ndogo zinatoka na kivuli chekundu au cha samawati. Karatasi ya gramu 300 hukaa wima ndani ya fremu bila kupinda. Omba nakala moja kwanza, uisome pale dukani ukiwa na Biblia mkononi, ndipo useme waendelee.

Kwenye leza ndipo pana mengi ya kusema. Mashine za leza za CO2 zipo katika karakana kadhaa mjini, zikiwemo za pamoja kama FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na fundi atakuuliza mambo mawili: faili lina vipimo gani, na mstari wa kukata ni wa rangi gani, maana rangi ndiyo hutofautisha pa kukata na pa kuchonga. Swali la kwanza usilijibu kwa mdomo. Inkscape ya sasa huhesabu pikseli 96 kwa inchi, matoleo ya kabla ya 0.92 yalihesabu 90, na programu nyingine huhesabu 72. Ubao uliouchora kwa milimita 300 unaweza kufunguka kwenye kompyuta ya fundi ukiwa 225 au 400. Ukitoa DXF, aina ya faili la michoro linalopokelewa na mashine nyingi, milimita zinaweza kusomwa kama inchi. Chora mraba wa milimita 100 pembeni ya kazi, na kabla ya mashine kuwashwa mwombe fundi aupime kwenye skrini yake. Ukisoma 100, ufutwe, kisha endelea.

Kabla ya hapo, geuza maandishi kuwa michoro kwa Shift+Ctrl+C. Usipofanya hivyo, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka yake, na mpangilio wote wa mistari utavurugika. Fonti ikiwa ya mwandiko, ambapo herufi zinashikana, kuna hatua moja zaidi inayosahaulika: ziunganishe ziwe umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Kwenye skrini "Mungu" linaonekana limeshikana, lakini ndani ya faili M, u, n, g na u zimelaliana tu. Leza itafuata mzunguko wa kila herufi na kukata pale zilipopandana, na neno litatoka vipande vipande. Washa muonekano wa mistari mitupu na utazame viungo. Ukiona mstari unaopita katikati ya kiungo, hujaunganisha.

Kuna namna mbili za kukata. Ukikata herufi zitoke kwenye ubao na kuacha matundu, vitumbo, yaani vipande vya ndani, vya a, b, d, e, g, o na p vitaanguka, na Kiswahili kimejaa a. Tumia fonti ya stensili, au chora madaraja ya milimita 2 yanayoshikilia kila kitumbo. Chini ya hapo plaiwudi ya milimita 3 huvunjika ukiigusa kwa msasa. Ukikata herufi zenyewe ili uzibandike juu ya ubao mwingine, shida inahamia kwenye nukta za i na j, na kwenye alama ya ng'. Vipande hivyo ni vya milimita 3 au 4, na hupenya wavu wa mashine vikapotea chini. Bandika masking tepu pana upande wa chini wa ubao kabla ya kukata, ili vibaki vimeshikwa. Kisha kwenye ubao wa nyuma, choma kwa nguvu ndogo mstari mwembamba wa mzunguko wa aya nzima, uwe ramani ya kubandikia. Bila ramani hiyo utaweka alama ya watakapong'aa juu ya a badala ya kati ya g na a, na gundi ya mbao haisubiri ubadilishe mawazo.

Leza yenyewe hula upana wa milimita 0.15 hadi 0.2. Ukipachika herufi ndani ya matundu ya ubao wa rangi nyingine bila kuliruhusu hilo, zitacheza. Nenepesha herufi kwa upana huo mzima kila upande, maana herufi hupungua kwa nusu yake na tundu hupanuka kwa nusu nyingine. Miguu ya herufi iliyo myembamba chini ya milimita 1 huungua na kukatika, kwa hiyo fonti za kifahari zenye nywele nyembamba ziache kwa karatasi. Kwa mashine ya wati 60 na plaiwudi ya milimita 3, jaribio la kwanza hukaa kwenye kasi ya milimita 15 kwa sekunde na nguvu ya asilimia 60, kisha unarekebisha. Plaiwudi ikikatika kote isipokuwa sehemu moja, usiongeze nguvu kwa kazi nzima: mara nyingi pana fundo au gundi nene ndani ya tabaka, na moto zaidi utachoma mahali pengine. Geuza ubao au chagua mwingine. Katika masika, plaiwudi iliyosimamishwa ukutani hupinda, na ubao uliopinda huutoa mwali kwenye fokasi. Ilaze chini ya uzito siku chache kabla. Masking tepu upande wa juu huzuia moshi kuchora hudhurungi kandokando ya herufi, na madoa yanayobaki hufutika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. PVC na stika za vinili haziingii kwenye leza kamwe: zikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa mapafu na hula mashine.

Wenye kazi za aya za Kurani, kwa wateja wa Eastleigh au South C, wana uangalifu wao. Usiandike kwa kibodi. Chukua maandishi yaliyohakikiwa pamoja na irabu zake, na uyaweke kwa fonti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Amiri ni nzuri na ni ya OFL. Programu isiyojua Kiarabu huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, na asiyesoma hatagundua, kwa hiyo mtu anayesoma lazima aone faili kabla na baada ya kuligeuza kuwa michoro. Kuunganisha maumbo ni lazima zaidi ya kwenye mwandiko wa Kilatini, maana karibu kila herufi inashikana na jirani yake. Nukta na irabu zilizo peke yake ni nyingi mno kubandika kwa mkono; kuchonga juu ya ubao kunafaa kuliko kukata. Na majaribio ya nguvu na kasi yafanywe kwa maneno ya kawaida, kamwe si kwa aya wala jina la Mungu, ili mabaki yasiishie kwenye pipa au chini ya miguu ya watu. Naona adabu hiyo inafaa kufuatwa hata kwa aya za Biblia.

Stika za vioo vya matatu ni kazi ya kikataji cha vinili, na kosa lake kubwa ni moja: stika ikibandikwa ndani ya kioo na kusomwa kutoka nje, faili lazima ligeuzwe kushoto kuwa kulia, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa kimo, hesabu milimita 8 za herufi kwa kila mita ya umbali wa msomaji. Aliye mita 6 nyuma kwenye foleni ya Jogoo Road anahitaji herufi za milimita 48, na hilo peke yake hukufundisha kuchagua aya fupi.

Kwa anayependa vifaa vya umeme, kuna fremu ya aya ya siku. Inahitaji ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), skrini ya karatasi-elektroniki ya inchi 4.2 yenye pikseli 400 kwa 300, saa ya DS3231, na betri moja ya 18650. Skrini ya aina hii hushika maandishi bila umeme, kwa hiyo kifaa hulala siku nzima, huamshwa na kengele ya DS3231 alfajiri, huchora aya mpya, kisha hulala tena. Usitegemee saa ya ndani ya ESP32, maana hupotea dakika kadhaa kwa siku. Intaneti haihitajiki: aya 366 za wastani wa baiti 200 ni kilobaiti 73 tu, na huenea kwenye kumbukumbu ya ubao huo. Watengenezaji wa skrini hizi hushauri zichorwe upya angalau mara moja kila saa 24, na zilazwe kwa amri baada ya kuchora. Ukisahau amri hiyo, skrini hubaki na volteji na huharibika.

Alama ya ng' inarudi hapa kwa sura nyingine. Fonti za kawaida za Adafruit GFX, maktaba ya programu inayochora maandishi kwenye skrini kama hizi, zina herufi za msingi za ASCII tu, kutoka 0x20 hadi 0x7E. Ule mkato uliopinda uliouchagua kwa karatasi ni baiti tatu za UTF-8, na fonti hiyo haiujui. Watakapong'aa litaandikwa watakapongaa. Faili la kifaa litumie mkato mnyoofu, 0x27. Tengeneza nakala mbili za maandishi tangu mwanzo, moja ya kuchapa na moja ya kifaa, kila moja na jina lake.

Kwa fonti ya pointi 18, mstari hula karibu pikseli 42, hivyo unapata mistari saba, mmoja ukiwa wa rejeo. Yohana 3:16 katika Union ina herufi karibu 140 pamoja na nafasi, na haitatosha. Andika programu ipime aya kwanza: ikizidi mistari sita, ishuke hadi pointi 12, ambapo mstari ni pikseli 29 hivi. Ikizidi hata hapo, isikate aya katikati na kuweka nukta tatu. Afadhali aya hiyo iondolewe kwenye orodha.

Wengi hulaumu betri inapokufa haraka, na kisababishi ni ubao. Bao nyingi za ESP32 zina kidhibiti cha volteji cha AMS1117 kinachokunywa karibu miliampia 5 hata chipu ikiwa imelala. Betri ya 2500 mAh inamalizwa na hicho peke yake kwa saa 500, chini ya wiki tatu. Tumia moduli tupu ya ESP32 na kidhibiti cha MCP1700, kinachokunywa chini ya mikroampia 2, uweke kapasita ya mikrofaradi 470 kando yake, na uache Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa sababu kidhibiti hicho hakipitishi zaidi ya miliampia 250. Toa pia taa ndogo iliyo kwenye ubao wa DS3231. Betri yenyewe ipime kwa mizani: 18650 halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, na hakuna inayofika 9900 mAh hata kama imeandikwa hivyo, nyingi zilizo bora huishia karibu na 3500.

Kasha la plaiwudi lifunge kwa skrubu, si kwa gundi, kwa kuwa betri itatoka kuchajiwa. Kabla ya kulifunga, weka programu ya majaribio inayopitisha aya zote kwenye skrini, moja kila dakika tatu, huku mtu wa pili ameshika orodha iliyochapwa. Kazi hiyo inachukua takriban saa kumi na nane, kwa hiyo igawanyeni kwa jioni kadhaa, na mweke alama ya kalamu kwa kila aya iliyosomwa hadi nukta ya mwisho.